Aliingia New York na Vidole Kumi

Ukiwaambia washkaji wa kijiweni kwetu kwamba kuna dada wa Kibrazili anayekula na kuvaa kwa muziki huko New York tangu mwaka 1981, utaulizwa maswali mawili tu. La kwanza: "Anakata viuno?" La pili: "Kaolewa na nani?" Hakuna atakayekuuliza anapiga ala gani. Kwetu sisi Mbrazili ni mpira, na kama si mpira basi ni kanivali na manyoya kichwani. Mbrazili wa kuketi kwenye piano na kuwatoa jasho wanaume wa Kimarekani hayumo kwenye hesabu zetu.

Huyo ninayemsema anaitwa Eliane Elias. Anaimba, anatunga, na juu ya yote hayo ni mpiga piano wa jazz wa daraja la kwanza. Na hapa niseme mapema, jazz hii si ile ya Jamhuri Jazz ya Tanga wala Western Jazz ya mjini hapa, ambazo jina lilikuwa jazz na ngoma yenyewe ilikuwa dansi letu la magitaa. Hii ni jazz ya Wamarekani weusi, ile ya mtu kushika wimbo mmoja, akaugeuza nje ndani, akaupeleka asikokujua mtunzi na kuurudisha nyumbani salama. Viuno sijui. Swali la pili nitalijibu, maana najua bila hivyo hamtalala.

Alizaliwa São Paulo tarehe 19 Machi 1960. São Paulo ndio mji mkubwa kuliko yote Brazil, mji wa viwanda na foleni, hauna ufukwe kama Rio. Mama yake alikuwa mpiga piano, na nyumbani zilikuwapo sahani za jazz. Mtoto akaanza masomo ya piano akiwa na miaka saba. Alipofika 12 alikuwa na mchezo wake ambao mimi mpaka leo unanishangaza: anaweka sahani ya gwiji fulani, anasikiliza, anarudisha sindano, anasikiliza tena, anaandika noti moja baada ya nyingine mpaka solo nzima iko kwenye karatasi. Bud Powell, Art Tatum, Bill Evans, watu ambao mikono yao inakimbia kama mwizi aliyeitiwa. Wapiga vinanda wetu nao wanakopi kwa masikio, hilo wanaliweza sana, ila wengi tunakopi ili Jumamosi tupige harusini. Huyu mtoto alikuwa anakopi ili ajue yule mtu alikuwa anafikiri nini.

Akiwa na miaka 15 alikuwa anafundisha. Si kufundisha wadogo zake sebuleni, hapana. Ni katika shule ya muziki ya São Paulo inayoitwa CLAM, iliyoanzishwa na wanamuziki wa kundi la Zimbo Trio, ambako mwenyewe alisomea chini ya mpiga piano Amilton Godoy. Likumbuke jina hilo la mwalimu, tutakutana nalo mbele. Miaka 15 kwetu ni kidato cha pili, unaogopa mtihani wa taifa na chunusi.

Halafu akiwa na miaka 17 akachukuliwa kuzunguka na Vinícius de Moraes na mpiga gitaa Toquinho. Kwa asiyejua, Vinícius alikuwa mshairi, aliwahi kuwa mwanadiplomasia, na ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi alizotunga Tom Jobim wakati bossa nova inazaliwa Rio mwishoni mwa miaka ya 1950. Ni mtu wa mwaka 1913. Kwa hiyo jukwaani palikuwa na mzee wa zaidi ya miaka 60 na binti wa miaka 17 kwenye piano, na binti hakuletwa pale kupamba. Vinícius alifariki Julai 1980. Mwaka uliofuata binti akaondoka.

Alivyoondoka ndiko kulikonivutia. Sisi tunazijua habari za kuondoka. Kila mtaa una mtu wake aliyezamia, kila mtaa una mtu wake anayebeba boksi na kutuma picha amesimama kando ya gari lisilo lake. Eliane alikuwa Ulaya kwa maonyesho mwaka 1981, na Paris akakutana na Eddie Gómez. Gómez ni mzaliwa wa Puerto Rico aliyekulia New York, mpiga besi, lile besi kubwa la mbao linalosimama kama mtu mzima, na alikuwa amepiga na Bill Evans kwa miaka 11. Alipomsikia Eliane akamwambia aende New York. Naye akaenda mwaka huohuo. Alikuwa na miaka 21.

Sasa jiulize New York ilikuwa inamngoja Mbrazili wa namna gani. Wamarekani walikuwa wameshazoea kitu kimoja kutoka Brazil, yaani sauti laini ya kike inayoimba polepole kama inasinzia. Mwaka 1963 Astrud Gilberto aliingia studio New York akiwa amefuatana na mumewe João Gilberto, na kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa afadhali akapewa sehemu ya kuimba katika "The Girl from Ipanema". Wimbo ulipotoka 1964 ukapasua dunia nzima. Lakini ukiangalia jalada la mbele la sahani ile ya Getz/Gilberto, yametajwa majina ya wanaume watatu, Stan Getz, João Gilberto na Jobim. La yule dada ambaye sauti yake ndiyo iliyouza halimo.

Sérgio Mendes, mpiga piano wa Niterói aliyehamia Marekani mwaka 1964, naye aliisoma biashara hiyo vizuri. Yeye alikaa kwenye kinanda, akaweka wasichana mbele, na mwaka 1966 akalipua na "Mas que Nada". Mmoja wa wasichana wale, Lani Hall, alikuwa mtoto wa Chicago asiyejua Kireno. Mwenye kinanda ndiye mwenye bendi, mwenye sauti ni sura ya bendi. Sisemi kwa ubaya. Mendes alikuwa bingwa, na alipofariki Los Angeles Septemba 2024 niliusikiliza muziki wake wiki nzima. Nasema tu kwamba viti vilikuwa vimeshapangwa, kila mtu na chake.

Eliane akakaa kwenye kile ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake. Mwaka 1982 aliingia Steps Ahead, kundi ambalo New York nzima ilikuwa inalizungumzia. Saksafoni ni Michael Brecker, dramu ni Peter Erskine, besi ni yuleyule Eddie Gómez, na mwenye kundi ni Mike Mainieri, anayegonga ile ala ya vyuma iliyo kama marimba. Wanaume watupu, kila mmoja akitajwa jina watu wanasimama. Katikati yao binti wa miaka 22 kutoka São Paulo, kwenye piano, haimbi. Sahani yao ya mwaka 1983 ipo, isikilizeni. Hakuna pahala utakaposema hapa wamemhurumia.

Haya, jibu la swali la pili. Aliolewa na Randy Brecker, mpiga tarumbeta, kaka wa huyohuyo Michael wa saksafoni. Wakapata binti, Amanda, na mwaka 1985 wakatoa albamu ya pamoja yenye jina la mtoto. Ndoa baadaye ikavunjika. Akaja kuolewa na Marc Johnson, mpiga besi, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye besi katika kundi la mwisho la Bill Evans. Hesabu mwenyewe: mtu mmoja aliyempigia Bill Evans besi ndiye aliyemwita New York, na mtu mwingine aliyempigia Bill Evans besi ndiye mumewe. Mimi nikiona hivyo naona kama yule marehemu alikuwa anapanga mambo. Na kwa wanaopenda umbea, mwaka 2013 alitoa albamu ya "I Thought About You", ya kumkumbuka Chet Baker. Kwenye besi yupo mume, kwenye tarumbeta yupo mume wa zamani. Wamepiga, wamemaliza, hakuna aliyetupiana viti. Nawajua watu hapa mjini hawawezi hata kukaa meza moja kwenye kipaimara cha mtoto.

Lakini turudi kwenye kazi. Mwaka 1990, akiwa na kampuni ya Blue Note, alitoa albamu inayoitwa "Eliane Elias Plays Jobim". Maana yake, Eliane Elias *anapiga* Jobim. Nyuma yake Eddie Gómez, Jack DeJohnette kwenye dramu na Naná Vasconcelos kwenye ngoma ndogondogo. Sauti yake inapita humo kidogo tu, kama mtu anayechungulia mlangoni. Ukapita mwaka mmoja, ukapita wa pili. Mwaka 1995 akatoa albamu ya piano tupu, nyimbo nyingine peke yake na nyingine akipokezana na Herbie Hancock. Kumbuka Hancock si mtu wa kukaa naye kwenye piano ukiwa unabahatisha. Mwaka 1998 ndipo ikaja "Eliane Elias Sings Jobim". *Anaimba* Jobim. Miaka minane kati ya anapiga na anaimba, mtunzi yuleyule.

Nimekaa sana na miaka minane hiyo. Ingekuwa rahisi kwake kuanza na kuimba. Ana sauti ya chini, ya karibu, isiyopiga kelele. Ni kisura, majalada ya albamu zake hayafichi hilo, na nywele za dhahabu juu. Biashara ilikuwa inamngoja mlangoni. Kama angeimba mwaka 1982 angeuza, na baada ya hapo nani angemwamini kwenye piano? Angekuwa Mbrazili mwingine mwenye sauti laini, anayegusagusa kinanda katikati ya beti. Alipoanza kuimba albamu nzima mwaka 1998 hakukuwa na mtu wa kumwambia aondoke kwenye piano, maana piano ilikuwa imeshakuwa yake.

Hapa naomba niingize langu, vinginevyo mtajiuliza kwa nini nimekesha na mama huyu. Mimi napiga kinanda. Nilifundishwa na mwalimu wa kwaya, nikaendelea baada ya kidato cha nne nilipoachana na madaftari, na Jumamosi mkiniona harusini nyuma ya Yamaha yenye funguo mbili zilizokufa ni mimi huyo. Naimba pia. Mwaka huu dalali mmoja wa wanamuziki akaniletea dili la Muscat, miezi sita hotelini, chumba na chakula juu yao. Bendi za kwetu zimekwenda sana hoteli za Ghuba, si jambo geni. Mshahara wa miezi sita unazidi harusi zangu za mwaka mzima ukichanganya na makala hizi. Ila mkataba umeandikwa "mwimbaji wa kike". Kinanda kinapigwa na jamaa mwingine, na nusu ya nyimbo zimeshapangwa kwenye kompyuta. "Wewe simama mbele, tabasamu, imba," akasema dalali. "Kinanda waachie wanaume, kinakuficha."

Kinanificha! Nilimwambia mama. Mama ana nyumba Mbagala imesimama kwenye lenta tangu baba afariki. Hakusema nenda, hakusema usiende. Aliniuliza tu kama najua bando moja la mabati siku hizi ni shilingi ngapi. Kwa wanaomfahamu mama yangu, hiyo ni hotuba.

Mashoga zangu wamegawanyika. Mmoja ananiambia niende, nikifika huko nitakisogelea kinanda taratibu, wataona wenyewe. Huyo simwamini, kwa sababu sijaona mwimbaji aliyesogea nyuma, nimeona waliobadilishwa wakapata mwingine wa kusimama mbele. Mwingine anasema nisijilinganishe na Eliane Elias, na huyo ana haki yake. Mwenzangu alikuwa na mama mpiga piano na piano ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa na kinanda cha kanisa na funguo za kanisa zilizokaa kwa mzee wa kanisa. Yeye alifika New York ameshapiga na Vinícius kwa miaka mitatu na ameitwa na Eddie Gómez. Mimi naitwa na dalali. Hayo nayajua.

Bado nikamwandikia dalali. Nikamwambia nakwenda kama mpiga kinanda anayeimba, hivyohivyo mkataba uandikwe, na yule jamaa mwingine akipenda apige gitaa. Kwa kazi ya watu wawili nilipwe hata ya mtu mmoja na nusu. Akajibu, "Dada, unajipandisha bei." Nikamjibu ndiyo. Tangu siku hiyo kimya, ni wiki ya tatu. Mama hajauliza tena habari ya mabati, ila juzi nimemkuta anapima kuta kwa kamba.

Kuna kisa kimoja katika maisha ya huyu dada ambacho nakipenda kuliko tuzo zake. Bill Evans alifariki New York Septemba 1980. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amempa Marc Johnson kaseti yenye muziki aliokuwa anautayarisha, vitu ambavyo havijatoka. Kaseti ikakaa miaka na miaka. Baadaye Eliane akaketi nayo na kufanya kazi ileile aliyokuwa anaifanya akiwa na miaka 12 São Paulo, kusikiliza, kurudisha nyuma, kusikiliza, kuandika. Nyimbo zilizokuwa zimelala ndani ya kaseti zikaingia kwenye albamu ya "Something for You", iliyotoka Marekani mwaka 2008. Na jina lake la pili linasema Eliane Elias anaimba *na* anapiga Bill Evans. Soma majina hayo matatu kwa kufuatana, 1990 anapiga, 1998 anaimba, 2008 anaimba na anapiga. Hapo sijaongeza neno langu, ni majalada yenyewe.

Tuzo nazo zilichelewa. Aliteuliwa Grammy zaidi ya mara moja na akarudi nyumbani mikono mitupu. Ameipata Februari 2016, akiwa na miaka 55, kwa albamu ya "Made in Brazil", na kilichonichekesha ni hiki: ndiyo albamu yake ya kwanza kurekodi Brazil tangu alipohamia Marekani mwaka 1981. Miaka 34 anawapigia Wamarekani huko kwao hawampi, kaenda kurekodi nyumbani wakampa. Humo ndani mzee Roberto Menescal wa enzi za bossa nova yumo, na Amanda, yule mtoto wa kwenye jalada la 1985, anaimba na mama yake.

Mwaka 2017 ikatoka "Dance of Time", aliyorudi tena São Paulo kuirekodi, kuadhimisha miaka 100 ya samba kuanza kurekodiwa kwenye sahani. Akawaita watu wake. Toquinho akaja. Randy Brecker akaja, ndiyo, tena. Mike Mainieri wa Steps Ahead akaja. Na akaja Amilton Godoy, yule mwalimu niliyewaambia mlikumbuke jina lake, akapiga piano na mwanafunzi wake. Albamu hiyo ikachukua Grammy ya Latini mwaka huohuo.

Halafu, mwaka 2021, wakati kila mtu ameshamzoea kama mwimbaji, akafunga mdomo. Albamu inaitwa "Mirror Mirror", ni piano mbili tu, yeye na Chick Corea kwa nyimbo nyingine, yeye na Chucho Valdés wa Kuba kwa nyingine. Hakuna neno hata moja linaloimbwa. Corea alifariki Februari 2021, kabla albamu haijatoka Septemba. Aprili 2022 ikampa Eliane Grammy ya pili. Na Oktoba ya mwaka uleule akatoa "Quietude", ambayo ni sauti yake mwanzo mpaka mwisho, magitaa pembeni, kwa Kireno, taratibu kabisa. Ukiwa na bando la kutosha anza na ile ya piano mbili, na weka spika za masikioni, maana Corea yuko sikio moja na dada yuko sikio la pili, na dakika za mwanzo utahangaika kujua nani ni nani.